Nguo ya Kutokea, Nguo ya Kurudia

Nyumbani kwetu Tanga nguo zilikuwa na vyeo. Chini kabisa zilikaa nguo za kushindia, zile zilizofuliwa hadi maua yake yakafutika. Juu yake sare ya shule. Na juu ya vyote, ndani ya sanduku la bati lililonuka dawa ya nondo, ilikaa nguo ya kutokea. Ilikuwa moja tu, imeshonwa kubwa makusudi ili mtu akue nayo, na ilitolewa Idd, harusini na siku ya kwenda studio kupiga picha. Ukishaivaa huli embe, huketi chini, humkimbizi mtu. Ukirudi, hujavuka hata kizingiti, sauti ya mama inakupokea: "Vua hiyo!"

Nikakua na akili hiyo hiyo. Kwangu kazi ya nguo ya kutokea ilikuwa kutoka: uonekane ukiondoka, uonekane ukifika, picha ipigwe, basi. Njia ya katikati sikuihesabu, na ya kurudi ndiyo kabisa. Zipu moja ya mgongoni ndiyo iliyonizindua.

Ilikuwa Februari 2018, mara yangu ya kwanza kwenda Sauti za Busara. Tamasha hilo la muziki lipo Zanzibar tangu 2004, na miaka yote hiyo nilikuwa naishia kutazama picha za wenzangu wametokelezea mbele ya kuta za Ngome Kongwe. Safari hii nikasema na mimi nitupie. Nilinunua kitenge Kariakoo, yadi sita, manjano juu ya buluu iliyokolea, nikampelekea fundi wangu Tabata anishonee jampsuti, ile nguo ambayo suruali na blauzi vimeungana kiunoni, zipu ikiwa mgongoni. "Ibane," nikamwambia. Fundi akashusha miwani. "Dada, ukiketi itakuwaje?" Nikamjibu siendi kuketi.

Boti ya kwenda Unguja ni kama saa mbili, na abiria huketi. Februari upepo wa kaskazi bado una nguvu, bahari inachezacheza, na mimi nimekaa wima kama niliyevaa plasta, pumzi naivuta kwa awamu. Kwenda msalani ilibidi nimwombe mama mmoja nisiyemjua anifungue zipu, anisubiri mlangoni, anifunge tena. Mama wa watu alifanya yote bila neno. Ila alitabasamu kwa namna ambayo naikumbuka hadi leo.

Miguuni nilikuwa na mchuchumio. Aliyewahi kutembea vichochoro vya Mji Mkongwe ameshajua mwisho wa hadithi hiyo: njia nyembamba, sakafu ya mawe isiyolingana, hapa mfereji, pale ngazi, mara pikipiki inakuja nawe unatakiwa ujibanze ukutani. Nilipofika kwenye maandamano ya ufunguzi nilikuwa nimeshavitia viatu mkononi. Beni ya tarumbeta ikapita, ngoma zikafuata, na mimi nikasahau nilivyovaa. Nikainama kidogo tu, kwa mdundo. Trrr.

Kulikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye baraza ya nyumba yake anatazama watu. Alinitazama mgongoni, akaniita kwa mkono.

"Mwanangu, hebu njoo."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Zipu imekwenda hiyo."

Akaingia ndani, akatoka na khanga moja. "Jifunge. Utanirejeshea kesho." Hakuniuliza jina wala natoka wapi. Nikajifunga kuanzia kwapani, nikaingia Ngome Kongwe hivyo hivyo, na nikashangaa kuwa sasa napumua. Nilicheza hadi usiku wa manane. Kitu kimoja tu sikukielewa: kila nikipita mbele ya kundi la wanawake nasikia vicheko nyuma yangu. Mpaka dada mmoja aliponigusa bega: "Eti, unamsema nani?" Nikaivuta khanga kwa mbele nisome. *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.* Jioni nzima nilikuwa natembea nikigombana na Unguja yote kwa makalio.

Asubuhi nikamrudishia bibi khanga yake pamoja na halua. Nilitegemea mawaidha, kwa kweli. Yeye alichotaka kujua ni fundi kanitoza kiasi gani kwa jampsuti ile. Nilipomwambia elfu thelathini akacheka hadi akajishika mbavu.

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua kabati, najiuliza kwanza: nitarudije? Saa ngapi, kwa usafiri gani, nimebeba nini, na hali ya hewa ikiwaje? Likishajibiwa hilo ndipo naanza kuvaa, tena naanzia miguuni. Najua watu wengi huanza na gauni kisha wakatafuta kiatu cha kuendana nalo. Lakini gauni halitembei. Dar es Salaam ni jiji la kutembea hata kwa mwenye nauli: unashuka kituoni, unavuka mtaro, unakwepa bajaji, unapanda ngazi za jengo ambalo lifti imegoma. Masika ikiingia, kuanzia Machi hadi Mei, mchanga wa Tabata unageuka uji. Nina raba moja nyeupe ambayo haijui kuwa kuna mvua duniani, inakaa ofisini chini ya meza. Njiani navaa kandambili au makobadhi ya ngozi, na hayo makobadhi ndiyo kiatu ninachokiamini kuliko vyote: yanakwenda na dera, yanakwenda na suruali ya jinzi, yanakwenda na kanzu ya mume wangu, na yakivunjika kamba kuna fundi kila kona.

Baada ya miguu, namna ya kukaa. Sketi ya kubana na bodaboda ni maadui wa damu. Ama utakaa upande, jambo ambalo sikushauri kwenye barabara yenye malori, ama utaivuta juu na kuwapa watu wa kituoni simulizi. Kwenye daladala kuna msumari, sijui kwa nini kila daladala lina msumari wake, na msumari huo unajua kuchagua kitambaa chepesi kuliko vyote ulivyovaa. Ukisimama kwenye mwendokasi saa moja asubuhi hereni ndefu zitanaswa na mkoba wa mtu. Kisha unafika ofisini ukiwa umelowa jasho, na kiyoyozi kinakupokea kwa baridi ya Makambako. Nje nyuzijoto thelathini na kitu, ndani unatafuta sweta. Mgeni wa mji huu hawezi kuelewa kwa nini mwanamke ana mtandio mzito begani mwezi wa Januari.

Mimi begani sina mtandio. Nina khanga ndani ya mkoba, imekunjwa ukubwa wa daftari. Hiyo haitoki humo isipokuwa kwa kufuliwa.

Sababu ya kwanza ni msiba. Msiba hauna miadi. Umevaa gauni lako la mikono mifupi, saa nane mchana simu inaita, baba yake mfanyakazi mwenzenu amefariki, saa tisa mnapanda gari kwenda Mbagala. Ukifika unatoa khanga, unajifunga juu ya gauni, nyingine ukiwa nayo unajitanda, unaingia ndani na kuketi mkekani na wenzako. Hakuna atakayeuliza chini yake kuna nini. Mwanamke aliyefika msibani na suruali bila khanga atasaidiwa, atatafutiwa, lakini atatajwa. Na jioni hiyo hiyo inaweza kuwa na shughuli nyingine, wiki zetu ndivyo zilivyo. Khanga inarudi kwenye mkoba, mdomo unapakwa rangi, unaendelea.

Sababu nyingine zilikuja zenyewe. Khanga ni shuka kwenye basi la usiku, ni pazia la kubadilishia nguo ufukweni Coco, ni mbeleko mtoto wa shoga yako akisinzia, ni mkeka kwenye majani. Sentimita kama 150 kwa 110 tu za pamba. Tunauziwa doti, vipande viwili pacha, na kila kipande kina pindo lake, mji wake na jina lake, na mimi baada ya kisa cha Unguja siingizi khanga kwenye mkoba kabla sijasoma jina. Za kutembelea nachagua zenye maneno ya upole. *Wema hauozi* imenivusha misibani na kwa mama mkwe bila kesi.

Tumeizoea sana khanga hata tumesahau kuwa iliwahi kuwa nguo ya kutokea yenyewe, tena ya kishindo. Kule Unguja watumwa walivaa merikani, pamba nyeupe iliyotoka Marekani, na kaniki iliyotiwa rangi nyeusinyeusi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa huru sasa waliziacha kaniki zao na kujifunga khanga za rangi, mpya kila zilipofika dukani, ili mtu akiwaona asiulize mara mbili wao ni nani. Mombasa duka la Kaderdina lilikuwa limeshaanza, tangu 1887, na maandishi ya *Mali ya Abdulla* unayakuta kwenye khanga zake hadi leo. Kwetu Tanga nako, zama za Vita ya Kwanza ya Dunia, vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana kwa ngoma na kwa mavazi, watu wakijipa vyeo vya kijeshi na kuvaa kama maofisa. Nikisikia mtu analalamika kuwa vijana wa siku hizi wanapenda mno kupiga pamba, nacheka. Tumeanza lini? Waulize Marini.

Sasa nguo zenyewe. Nusu ya kabati langu imetoka Karume, soko la mitumba, na silifichi hilo. Soko lile liliungua Januari 2022, watu wakarudi wakasimamisha meza zao upya. Siri ya Karume ni saa. Ukienda mchana umekwenda kuangalia mabaki. Nenda asubuhi, siku belo linapofunguliwa, uwe na pesa ndogondogo na uvae nguo ambayo unaweza kujaribia nyingine juu yake. Muuzaji amepanda juu ya meza anaimba bei, "Buku mbili, buku mbili, chagua mwenyewe!" na mikono ishirini iko ndani ya lundo. Usiangalie rangi. Fumba macho ikibidi, acha vidole vitangulie. Pamba unaijua, inapokea jasho la kiganja. Kitani kinakwaruza kidogo na kina ubaridi. Tetroni inateleza, na mwezi wa pili itakupika ukiwa hai.

Ukishaishika, ipandishe juani utazame matundu. Geuza kwapani, maana doa la kwapa la Ulaya halitoki kwa sabuni ya Tanzania. Kagua kola, zipu, na pindo la chini kama lina kitambaa cha ziada cha kuachia. Mimi huenda moja kwa moja kwenye mashati ya kiume. Ni mapana, yana mfuko kifuani, na hayajabanwa pale ambapo mtu mwenye joto hataki kubanwa. Nina shati la kitani rangi ya mchanga nililolipata kwa buku tano, na mfukoni lilikuwa na tiketi ya treni yenye maandishi nisiyoweza kuyasoma. Tiketi ninayo bado.

Mama yangu hapendi mitumba. Yeye aliishi miaka ile ya mwanzoni mwa themanini, khanga ilipokuwa ya kupangiwa foleni na nguo za kutoka nje zilikuwa za magendo. Mwinyi akaingia 1985, milango ikafunguliwa, mitumba ikamwagika, na wengi wakaona neema. Mama akaona viwanda vyetu vikifa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, naye kila akigusa kitenge cha leo huuliza, hiki ni cha Urafiki? Nchi za Afrika Mashariki ziliwahi kukubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Rwanda ndiyo iliyoshikilia kikweli, ikapandisha ushuru, na 2018 Marekani ikaiondolea nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Wengine tulirudi nyuma. Mama ana haki na mimi nina shati la buku tano, na tukikutana sebuleni kwake hatulizungumzi.

Nusu ya pili ya kabati ni vitenge, na hapo nimelipa ada ya kutosha kujifunza. Kitenge nacho ni msafiri: ufundi wa nta ulitoka Java, Waholanzi wakauiga viwandani kwa mashine karne ya kumi na tisa, soko lake likaja kuwa Afrika. Dukani leo chini ya jina hilo hilo kuna pamba yenyewe, na kuna kitu kinachong'aa kama karatasi ya peremende ambacho ni plastiki. Kamua kona moja kiganjani: pamba inabaki na mikunjo, plastiki inafunguka kama haijaguswa. Wanaouza plastiki hukusifia hilo, "Dada hii hata pasi haihitaji!" Kweli kabisa, wala hewa haihitaji. Kitenge cha pamba kiloweke usiku mmoja kabla ya kukipeleka kwa fundi, kiwahi kusinyaa mapema badala ya kusinyaa mwilini mwako. Na fundi mwambie mambo mawili kabla hajashika mkasi: mifuko, na nafasi ya kuketi. Mifuko atasahau. Mkumbushe tena siku ya kujaribisha.

Nilirudi Busara mwaka uliofuata. Shati la kitani, mikono imekunjwa hadi viwiko, sketi ya kitenge ya kujifunga, ndefu, yenye mfuko mmoja mkubwa, makobadhi, kimkoba cha kuning'iniza mbele, khanga. Mchana vichochoroni shati lilinisitiri mabega, maana Mji Mkongwe ni mji wa watu na misikiti yao, tamasha au hakuna tamasha. Magharibi nikala urojo nimesimama Forodhani bila hofu, sketi yenyewe ina rangi zote za urojo. Ndani ya Ngome nikatandika khanga kwenye majani, upepo wa bahari ulipoanza nikaitoa chini nikajitanda. Katika picha zote za mwaka ule sionekani kama mtu aliyejipara. Naonekana nacheka. Nilipita kwenye baraza ya bibi, mlango ulikuwa umefungwa.

Julai moja nilipata pia bahati ya kwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, na huko nikaona kuwa kanuni yangu ina mipaka. Uwanja ni vumbi. Wanaume wanachapana kwa migomba, kwa furaha kabisa, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto na moshi unatawanyika kwa watu wote. Mimi nimefika na nguo zangu za busara, rangi ya vumbi ili vumbi lisionekane. Wanawake wa Makunduchi walikuwa wamevaa bora ya bora zao: mapya, yanayometa, waridi, zambarau, kijani cha chokaa, dhahabu shingoni, wanaimba huku wanatembea katikati ya vumbi lile lile. Hakuna aliyeonekana kuhesabu atarudije. Walikuwa nyumbani, ndiyo, sanduku liko hatua chache. Lakini siyo hiyo tu. Mwaka unaingia, na mwaka haupokelewi na mtu aliyevaa rangi ya vumbi. Nilijihisi kama mtu aliyekwenda harusini na nguo ya kupikia, na siku hiyo nilimkumbuka sana mama na sanduku lake la bati.

Labda ndiyo sababu sikuitupa jampsuti. Imekaa miaka kwenye hanga, zipu imekufa, manjano yake bado yanapiga kelele kila nikifungua kabati. Mwezi huu nimeirudisha kwa fundi yule yule wa Tabata. Aliitambua kabla sijaifungua yote. Nikamwambia aikate kiunoni: juu iwe blauzi, vifungo mbele, chini ibaki suruali, atie mpira kiunoni na aachie mapaja kwa kitambaa kilichobaki. Akaipima kwa macho, akashusha miwani kama zamani.

"Na mifuko?"

"Na mifuko."

"Safari lini?"

"Alhamisi, boti ya asubuhi."

Akaitupa juu ya lundo la nguo za watu, akarudi kwenye cherehani. "Njoo kesho."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Jumatano, nimetoka kwake sasa hivi, bado vifungo.